Pitia Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa maigizo amesema kila anayeingia ukumbini aandike alichokiona siku hiyo, hata kama ni mstari mmoja. Nilimwambia mimi ni fundi wa nguo, nimekuja kushona mavazi, mambo ya kuandika niliyaacha shuleni pamoja na viboko. Akaniuliza, "Fundi, macho unayo?" Nikasema ninayo. "Basi andika." Haya, naandika.

Mvua zimeanza. Paa la duka langu limekuwa chujio, ndiyo maana nilikubali kazi hii upesi kabla hawajatafuta fundi mwingine. Nimewekewa cherehani chini ya dirisha, kwenye kona ya ghala la zamani waliloligeuza ukumbi. Waigizaji ni wachache, na mmoja wao ni binti yangu wa pekee. Wenzake wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa sababu ya kazi ya baba yake. Mchezo utaonyeshwa mvua zikiisha. Nafasi kubwa, ya mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi, bado haijapata mtu. Sindano anaitaka. Hajaniambia, lakini namjua mwanangu: kitu akikitaka sana huacha kukitaja.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeona watu wazima na akili zao wakitambaa sakafuni. Pandikizi, jitu la mtu ambalo mlango wa duka langu lingeupita kwa ubavu, ameambiwa awe kifaranga aliyepotezana na mama yake. Amekuwa kifaranga. Nimecheka mpaka uzi ukakatika. Mwalimu akanitazama. Ni mwanamke wa rika langu, ana funguo kiunoni na sauti ya chini, na akikutazama unajikuta umekaa vizuri kwenye kiti.

Binti yangu alikuwa paka. Si vibaya.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeaibika.

Wana zoezi wanaliita chumba. Mtu anasimama katikati ya sakafu tupu na kujenga chumba anachokikumbuka. Hana tofali wala kiti. Anapapasa ukuta, anafungua dirisha, anasogeza kitanda, na wengine wanakaa pembeni wakitazama. Zamu ilikuwa ya Chiriku, msichana ambaye mdomo wake haujui likizo. Alikuwa jikoni kwa bibi yake, akipuliza moto usiokuwepo, na ni kweli macho yalimtoka machozi.

Hapo bobini yangu ya uzi ikaanguka na kubingirika mpaka karibu na miguu yake. Nikainuka, nikaenda kuiokota, nikarudi zangu. Watu wote wakaguna.

"Mzee Fundi!" Chiriku akapiga kelele. "Umepita ukutani!"

"Ukuta upi?"

Mwalimu alikuja mpaka kwenye cherehani. "Chumba kikishajengwa kina kuta, Fundi. Anayeingia apitie mlangoni, na awe mtu aliyekuwamo kweli. Asiyekuwamo abaki nje. Mpaka niseme 'Toka', ndipo chumba kinavunjika."

"Na bobini yangu?"

"Itasubiri."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sindano peke yake ndiye aliyeangalia chini, kwa ajili yangu. Nimemuonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumbani. Mvua kutwa. Sindano amenitengenezea chai kwa namna yake: anatia sukari, kisha anakizungusha kikombe taratibu mkononi ili iyeyuke. Kijiko hakigusi kikombe. Amekuwa hivyo tangu utoto. Ni kituko chake na nimekizoea. Nusu ya sukari huwa imebaki chini nami huimalizia kwa kidole.

Jumanne, 12 Machi

Leo walibeba ndoo za maji zisizokuwepo, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, wee mpaka wakatokwa jasho. Mwalimu anasema mwili ndio unaokumbuka, kichwa kinafuata baadaye. Anapita akimgusa mmoja begani, mwingine mgongoni: "Ndoo yako nyepesi. Ongeza maji." Nilipoinua macho nikakuta nami nimeinama upande mmoja kwenye kiti, kana kwamba nimeshika ndoo iliyojaa. Nikajikohoza, nikaendelea na pindo.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Nimeshona mifuko. Hakuna jipya.

Jumatano, 20 Machi

Zamu ya Sindano kwenye chumba.

Alijenga haraka, kama mtu anayeijua kazi hiyo: kitanda upande wa dirisha, kigoda, kitu kidogo juu ya kigoda. Kisha akatoka nje ya mlango na kuanza kucheza kwenye mvua. Alikuwa mtoto. Aliruka kwenye madimbwi, akafungua kinywa juu, akacheka kicheko ambacho sijakisikia miaka mingi, na mimi nikatabasamu peke yangu huku nimeshika mkasi.

Halafu akasikia kitu. Kichwa kikainama upande. Akasimama kidogo, akaruka tena, kwa nguvu zaidi, akacheka zaidi. Kicheko kikamkauka. Akaenda mlangoni, akanyoosha mkono, na hapo akabaki. 

"Toka," Mwalimu akasema.

Sindano akashusha mkono.

"Kuna nini mle ndani?"

"Sijui, Mwalimu. Sijaingia."

"Kesho tena."

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, naye akatembea akiburuza miguu. Nilidhani ni uchovu.

Alhamisi, 21 Machi

Amefika mlangoni. Hakuingia.

Ijumaa, 22 Machi

Vilevile. Mvua inapiga bati kiasi kwamba Mwalimu anapiga kelele ili asikike.

Jumatatu, 25 Machi

Amefika mlangoni. Hakuingia. Alipotoka alikwenda kutapika nyuma ya ghala. Pandikizi alimshikia kichwa.

Alhamisi, 28 Machi

Sasa najua ni chumba gani.

Leo aliusogelea mlango zaidi ya siku zote, akavuta pumzi, na kabla hajanyoosha mkono akainamisha kichwa. Akainama kidogo tu, upande wa kulia, jinsi mtu anavyokwepa boriti.  Nyumba tuliyokaa zamani ilikuwa na boriti iliyoshuka juu ya mlango wa chumba cha kulala, upande wa kulia. Mimi niliigonga mpaka nikaota kinundu. Mke wangu alikuwa akinicheka. Mtoto hakuhitaji kuinama, alikuwa mfupi, lakini alituiga sisi wakubwa, akawa anainama vilevile.

Kitanda upande wa dirisha ni kitanda alichougulia mama yake. Kitu kidogo juu ya kigoda ni kikombe cha bati na kijiko. Mama hakuwa tena na sauti ya kuita, basi akitaka kugeuzwa au kupewa maji aligonga kijiko kwenye kikombe, na binti yetu alikuja mbio. Ilikuwa kazi yake na aliipenda. Kisha ikaja alasiri ile ya mvua, na mama yake akafa.

Mimi na Sindano hatuzungumzi habari za alasiri ile. Si kwamba tulikatazana. Hatukuanza tu, baadaye ikawa desturi ya nyumba.

Jambo moja nimeliona: anajenga mlango mmoja. Chumba kile kilikuwa na miwili, na ule wa pili ulitokea jikoni, nyuma. Nadhani ameusahau.

Jumanne, 2 Aprili

Jioni nilijaribu. Tulikuwa tunakula, au mimi nilikuwa nakula. Yeye alikuwa akisukuma chakula kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule.

"Mwanangu, kile chumba..."

"Baba, ya ukumbini yabaki ukumbini."

"Unakonda."

"Si utanipunguzia kiuno? Wewe si fundi?"

Alisema kwa utani lakini hakunitazama. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokuweza.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimegombana na Mwalimu. Nilisubiri watu wote waende kunywa maji, nikamfuata dirishani.

"Mwalimu, mwachie mwanangu."

"Sijamshika, Fundi."

"Umemshika! Unamkamua kama nguo. Kile ni chumba alichofia mama yake, unajua hilo?"

Uso ukambadilika. Hakuwa anajua. Alizungusha funguo zake kidogo, kisha akasema, "Kila asubuhi namuuliza anataka chumba gani. Anachagua hicho hicho."

"Mkatalie."

"Nikimkatalia, atakijenga kwenu, akiwa peke yake, na hatakuwepo mtu wa kumwambia 'Toka'."

"Una jibu la kila kitu wewe."

"Sina. Hili ndilo nililonalo."

Nikarudi kwenye cherehani nikiwa na hasira. Nimeshona mkono wa koti kinyume, ndani nje. Tangu nijue kazi sijawahi kufanya ujinga ule. Kesho simsalimii mwanamke yule.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikumsalimia. Alinisalimia yeye. Nikaitikia, adabu ni adabu.

Jumatano, 10 Aprili

Ameondoka nyumbani.

Kosa langu ni kwamba nilianza na amri. Nilimwambia aache mchezo, nitamtafutia kazi kwa rafiki yangu mwenye duka la vitambaa. Alikuwa anakunja nguo. Akaiweka chini ile aliyoishika.

"Niache, sasa hivi?"

"Ndiyo. Kitu gani hiki cha kukutoa roho? Kulia mbele za watu kila siku, umekosa kazi?"

"Baba, miaka yote hii umenyamaza. Leo ndiyo una la kusema?"

"Nanyamaza kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu?" Akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya. "Najua unachokinyamazia. Najua. Usijitaabishe kunificha."

Nikamuuliza anajua nini. Akachukua mkoba, akasema atakaa kwa Chiriku mpaka mchezo uishe. Alinipigia magoti kama kawaida kabla ya kutoka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nimekaa nimeshika tama. Najua unachokinyamazia. Mimi mwenyewe sijui ninanyamazia nini. Ni maumivu tu. Mtu anayafunika kwa sababu yanauma.

Alhamisi, 11 Aprili

Chiriku amekuja kwenye cherehani akijifanya anataka kifungo. "Shikamoo, Mzee Fundi. Anakula kidogo. Nimekwambia ili ulale." Nikamshukuru. Hata yeye leo alisema sentensi chache.

Jumatatu, 15 Aprili

Mwalimu ametangaza: Ijumaa atampa mtu nafasi kubwa. Ni Chiriku au Sindano. Chiriku yuko tayari. Kila mtu anaona. Sindano akainua mkono mbele ya wote.

"Mwalimu, Alhamisi nitaingia."

"Huhitaji kuingia ili upate nafasi."

"Nitaingia."

Mwalimu akanigeukia. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu asiyejua afanye nini, na badala ya kufurahi niliogopa.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua haikatiki. Sindano hajajenga chumba leo. Ameegemea ukuta, amekumbatia magoti. Sikushona lolote la maana.

Alhamisi, 18 Aprili

Nitaandika yote.

Walipanga viti pembeni. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na subana kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, maana nilikuwa napiga mshono wa mkono kwenye kola. Nilijiambia sitatazama.

Alijenga chumba. Akatoka nje, akaanza kuruka kwenye mvua, na mvua ya kweli ilikuwa inapiga juu ya bati, ikawa kama zimekutana. Akacheka. Akasikia. Kichwa kikainama. Mwalimu, ambaye siku zote hukaa kimya zoezi likiendelea, akauliza kutoka pembeni kwa sauti ya chini:

"Umesikia nini?"

"Kijiko," Sindano akasema. Ilikuwa sauti ya mtoto.

"Kinasemaje?"

"Njoo."

"Unafanya nini?"

"Naruka." Akaruka. "Nasikia, lakini naruka. Naruka mara moja tu halafu nakwenda. Mara moja tu." Akaruka tena, na tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na miguu inaruka.

Nikaelewa. Mungu wangu, nikaelewa yote kwa mpigo, pale pale, subana kidoleni. Miaka yote hii mwanangu anaamini kwamba mama yake alimwita naye akaendelea kucheza. Anaamini kwamba nalijua hilo na ndilo ninalomnyamazia.

Nilifungua kinywa. Lakini alishafika mlangoni, ameshainamisha kichwa, ameingia.

 Alitembea hadi kitandani. Akatazama sakafuni, akainama, akaokota kikombe kilichoanguka. Akakishika kwa mikono miwili. "Nimekuja," akasema. Akangoja. "Mama, nimekuja." Akapiga magoti, akaanza kugonga kikombe kwenye sakafu, akigonga kwa vifundo vya vidole vyake mwenyewe kwenye mbao. "Nimekuja. Gonga tena. Nimekuja. Gonga tena."

"Toka," Mwalimu akasema.

Akaendelea kugonga.

"Toka!"

Hakusikia. Mwalimu akapiga makofi, akaita "Toka" mara ya tatu kwa sauti ambayo sikujua anayo. Vidole vya mwanangu vilikuwa vinaacha damu kwenye ubao. Pumzi ilimwendea juu juu, haishuki. Chiriku akaanza kulia. Pandikizi akainuka kwenda kumnyakua, na nikamwona Sindano akijikunyata bila hata kugeuka, akipiga kelele kama aliyechomwa, na Pandikizi akarudi nyuma.

Kiti changu kilianguka. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ukumbi Mwalimu aliponishika shati. Alinishika kwa nguvu.

"Usipite ukutani, Fundi, utamwongezea."

"Niachie! Ni mwanangu!"

"Fundi. Siku ile ulikuwamo?"

Sikumwelewa.

"Ndani ya chumba hicho. Ulikuwamo?"

"Nilikuwamo."

Akaniachia. "Basi pitia mlangoni."

Nilikuwa na mlango wangu. Siku ile mvua ilinifungia kazi, nikarudi mapema, na kwa kuwa miguu ilikuwa tope tupu nilizunguka nyuma nikapitia jikoni. Sasa nikazunguka vilevile, nikipita mbali na kuta, mpaka upande unaotazamana na dirisha. Nikasimama. Nikafuta miguu, maana siku ile niliifuta. Nikausukuma mlango ambao yeye hakuujenga, nikaingia.

"Mke wangu," nikasema, "ninakuja na tope, usinigombeze."

Kugonga kukasita.

Nikaketi kwenye kigoda, yaani nikachuchumaa, na magoti yangu yakalia. Sikumtazama Sindano. Nilitazama kitandani. Nilitaka kikombe na sikuwa nacho, basi nikavua subana, nikaishika mbele ya kifua, nikatia sindano ndani na kuanza kukoroga. Kli, kli, kli. Sauti ndogo kabisa, lakini nilikuwa karibu naye.

Mwanangu akageuza kichwa.

"Nakoroga sukari," nikasema. "Mama yako midomo imemkauka. Amekubali vijiko viwili vitatu."

"Anagonga," Sindano akasema.

"Hagongi. Kijiko ninacho mimi."

Kli, kli.

"Ananiita."

"Hakuiti, mwanangu. Ni mimi nakoroga. Sikiliza." Nikakoroga. Mikono yangu ilikuwa inajua. Mimi nilikuwa nimesahau lakini mikono ilikuwa inajua. "Anasema... sauti haitoki, nimeweka sikio mdomoni kwake. Anasema, nani huyo anacheka nje? Nikamwambia ni mwanao, ameacha kiatu kimoja kwenye tope. Nikasema ngoja nimwite. Nikainuka nikamwite."

Nikakoroga kidogo.  

"Akanishika mkono," nikasema. "Alikuwa hana nguvu hata ya kufumba macho, lakini alinishika mkono huu. Akasema, mwache acheze. Akasikiliza. Akasikiliza ukicheka, na mimi nikaendelea kukoroga, na hivyo ndivyo alivyokwenda."

Sindano alikuwa amenitazama sasa. Macho yalikuwa yake, si ya mtoto.

"Kikombe kilikuwa chini," akasema.

"Nilikiangusha mimi. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma kumwita jirani. Wewe ukaingia kwa mbele, ukamkuta peke yake."

"Sikukuona."

"Hukuniona."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Sikujua kama ulisikia kijiko. Ningejuaje? Haki ya Mungu, mwanangu, sikujua."

Akanilalia begani na kulia, na mimi nikalia, mzee mzima, mbele ya watu, wala sikujali. Hakuna aliyesema "Toka". Tulipochoka akajifuta uso kwa kola niliyokuwa naishona, akauliza, "Tunatokea wapi?"

"Huku," nikasema. Tukatoka kwa mlango wa jikoni. Tulipovuka nilimwona Mwalimu amekaa chini sakafuni, mikono kichwani, na Pandikizi ameuficha uso wake wote kwenye shali ya Chiriku.

Ijumaa, 19 Aprili

Ukumbi umefungwa. Sindano yuko nyumbani, amefungwa vidole kwa vitambaa vyangu. Amelala mchana kutwa. Nimekaa mlangoni pa chumba chake nikipiga vifungo, nisije nikawa mbali akiamka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mwalimu amesimama mbele ya wote. "Nilichelewa kusema 'Toka'. Nilitakiwa kuuvunja chumba kile tangu alipotapika. Nilijiona mjuzi." Hakuzunguka mbuyu, wala hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuanzia leo hakuna anayejenga chumba kabla ya kumweleza mwenzake mmoja, pembeni, nani alikuwamo na milango iko wapi.

Nafasi kubwa amempa Sindano. Chiriku akapiga vigelegele, kisha akasema, "Na mimi nani atanipigia vigelegele?" Akapigiwa.

Nilipokuwa nakusanya vitu Mwalimu alinijia. "Fundi, bado umenikasirikia."

"Kidogo."

"Ni haki yako."

"Lakini ungeniacha nipite ukutani," nikamwambia, "leo ningekuwa sina mtoto." Tukabaki tunatazama mvua, wawili sisi, kama watu waliovuka mto mmoja.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimempima Sindano gauni la mwanamke anayerudi kwao. Kiuno kimepungua sana. Nimeacha pindo pana kwenye mishono, ili akinenepa niachie. Ameniambia ana njaa, na tumekula.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua zimekatika. Asubuhi jua liliingia mpaka mezani. Mwalimu alisema jana wasio waigizaji wanaweza kuacha kuandika sasa, basi nitaandika hili tu.

Nilikuwa najifunga viatu. Sindano alikuwa ananitengenezea chai, amenipa mgongo. Akatia sukari. Nikangoja aanze kukizungusha kikombe. Alisimama kidogo, akanyoosha mkono kwenye kopo la vijiko, akachukua kimoja.

Akakoroga. Kijiko kiligonga kikombe, na mwanangu aliendelea kukoroga mpaka sukari yote ikayeyuka.